Ufunguo wa Pili

Wenzangu waliposema "Tumemsamehe", mimi nilinyamaza. Tulikuwa katika nyumba moja ya Mlandege, wanawake tumejaa ghorofani mpaka kwenye ngazi, juzuu za Kurani zimeshasomwa na kukusanywa, na wanaume wako chini wamelizunguka jeneza. Mtoto mkubwa wa marehemu akapaza sauti, kama ifanywavyo kila siku kabla ya maiti kutolewa. Alisema baba yao ameishi na watu miaka mingi, na huenda yapo aliyowakosea, kwa hivyo mwenye haki yake ajitokeze aseme na familia, na wengine wamsamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Wanaume wakaitikia chini, wanawake wakaitikia juu. Jirani yangu akanigusa goti. "Bi Salha, hukusikia?" Nikamwambia nimesikia. "Basi sema, bibi, mwenzio anangoja kuzikwa." Nikamwambia, "Atazikwa." Akanitazama kama mtu aliyekuta mchanga kwenye wali, akarudi kwenye tasbihi yake.

Mimi ni mtu mzima, na Mungu amenineemesha kuliko nilivyostahili. Nimesomesha na nimezaa, nimehiji, na macho yangu bado yanaona herufi za msahafu bila miwani mchana wa jua. Neno hilo la msamaha nimelitamka juu ya majeneza mengi, hata ya watu walionisengenya na kuninyima vyangu, na nililitamka kwa moyo. Kwa mtu huyu mmoja ulimi umekataa. Jina lake sitaliandika, kwa sababu watoto wake wako hai na hawajanikosea kitu. Sisi wasichana tulimwita Afisa, na hilo linatosha. Nimejiuliza sana kama kumwandika maiti si kumsengenya. Lakini masheikh walionisomesha walinifundisha kwamba aliyedhulumiwa anayo ruhusa ya kuitaja dhuluma yake, na nimeingoja ruhusa hiyo zaidi ya miaka hamsini. Huenda ningeendelea kungoja, lau mzee mmoja aliyefanya kazi naye zamani asingesimama pale chini na kusema kwamba marehemu ndiye aliyezijaza skuli za shamba walimu, na kwamba kila kijana aliyemaliza masomo alikwenda huko kwa ridhaa ya moyo wake, akijua anakwendea nini.

Nilimaliza darasa la kumi na mbili miaka mitatu baada ya Mapinduzi. Walimu wengi walikuwa wameondoka, na skuli za shamba zilikuwa na watoto na mbao nyeusi na hazina mtu wa kuziandikia. Afisa, mtu wa idara ya elimu, alikuja kwenye ukumbi wetu wa skuli wiki ya mwisho ya masomo. Alisema vizuri, na alisema kweli. Alisema kuna watoto wenye akili kama zetu ambao watazeeka bila kujua kusoma jina lao kwa sababu sisi tunapenda kulala karibu na soko la Darajani. Tulicheka, na wengine tuliinua mikono. Niliinua wangu kabla ya kumuuliza mtu yeyote, na siku zile hilo kwa msichana wa Mji Mkongwe halikuwa jambo dogo. Kwa hiyo siwezi kusema nilichukuliwa kwa nguvu. Nilitaka kwenda. Hili ndilo linalonikasirisha zaidi, kwamba mtu alikuta kwetu nia safi akaitumia.

Baada ya ukumbini alizunguka majumbani kuwakubalisha wazee. Kwetu alikuja Jumapili adhuhuri, akapandishwa juu, akakaa kwenye mkeka chini ya saa ya ukutani iliyokuwa daima imetangulia robo saa. Kuliliwa wali wa nazi, mchuzi wa jodari, na achari ya embe ambayo mama aliitoa kwa wageni wa heshima tu. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya pazia, tunasikiliza na kupitisha sahani. Baba akamuuliza, "Mtoto wa kike atalala wapi?" Afisa akajibu, "Nyumba ipo, sheikh wangu. Ya mawe na chokaa, mlango wa mbao, kitasa kipya cha dukani. Wallahi hata binti yangu ningemlaza humo." Baba akauliza atalala na nani. "Kuna mama mtu mzima wa kijijini atalala naye." Na kwa muda gani? "Mwaka mmoja, sheikh. Ukimalizika tu, anaingia chuo cha ualimu. Wallahi, billahi." Aliyasema hayo tonge la wali liko mkononi. Baba akanawa, akajifuta vidole kimoja kimoja, akasema, "Mtu akishamtaja Mungu, mimi sina la kuuliza." Nyuma ya pazia mama akaninong'oneza, "Huyu anaapa upesi mno." Nilimchukia kwa dakika ile. Niliona anataka kunizuia.

Kijiji nitakiita Mkumbini. Kiko kusini, kwenye ardhi ya mawe ambako muhogo hupandwa kwenye vishimo vya udongo baina ya jabali na jabali. Skuli ilikuwa vyumba viwili, na viti vilikuwa mbao zilizolazwa juu ya mawe. Lakini nyumba ilikuwepo, Afisa hakusema uongo. Watu waliijenga wenyewe. Walikuwa wameambiwa kwamba kijiji kisicho na nyumba ya mwalimu hakitapata mwalimu, basi wanaume walichoma chokaa, na wanawake walibeba mawe na maji kwa zamu msimu mzima. Siku niliyofika walinikabidhi ufunguo uliofungwa uzi mwekundu, wamesimama kama watu wanaomwozesha binti yao. Mama mtu mzima wa kulala nami hakuwepo, wala hakuna aliyewahi kuambiwa amtafute. Jirani wa karibu alikuwa mjane aitwaye Bi Mosi. Yeye aliniletea muhogo wa nazi wa kwanza, akakaa mlangoni akinitazama nikila. "Kula, mwalimu," akasema. "Ukirudi mjini umekonda watasema tumekupa mawe." Lafudhi yake ya kusini ilinichekesha, naye akacheka ninavyosema mimi. "Wewe unasema kama redio," akaniambia. "Ntakuwa nnakuzima usiku."

Afisa alikuja baada ya mwezi mmoja. Ilikuwa saa ya mapumziko ya mchana, watoto wako nje, nami nilikuwa nimejifungia ndani, nimeosha nywele nazichana. Nikasikia ufunguo ukiingia kwenye kitasa. Wangu ulikuwa mbele ya macho yangu, umetundikwa kwenye msumari na uzi wake mwekundu. Mlango ukafunguka. Akaingia na viatu vyake, mkononi ana mfuko wa machungwa, anatabasamu. "Usishtuke, mwalimu. Nyumba ya serikali hii." Nilivuta kanga ya kitandani nikajitanda nayo. Yeye akakaa kwenye kitanda changu, akamenya chungwa, akaniuliza watoto wanaendeleaje na hesabu. Akanambia orodha ya chuo cha ualimu inaandikwa na jina langu liko juu kabisa, lakini majina ya juu hupanda na kushuka. Akala machungwa mawili, akayaacha maganda sakafuni, akaondoka. Wachache niliowahi kuwasimulia waliniuliza, "Kisha alikufanya nini?" Kana kwamba mpaka hapo hajafanya kitu. Alifungua mlango uliofungwa na msichana aliyeko ndani peke yake, ndivyo alivyofanya, na alitaka nijue kwamba anaweza kuufungua wakati wowote.

Nilimwambia Bi Mosi kwa sababu nilikuwa nalia na hakukuwa na mwengine. Alikuja akakitazama kitasa, akakigusa kwa kidole kama anayegusa chungu cha moto. Akaniuliza, "Ana ufunguo wake mwenyewe?" Nikamwambia anao. Akasema, "Mawe haya tumeyabeba kichwani. Mwanangu Mize kabeba na tumbo la miezi saba. Tunasema tunajenga nyumba ya mwalimu, kumbe tunamjengea yeye pahala pa kupumzikia." Akakunja mkeka wangu, akaubeba kwapani, na kuanzia siku ile nilikaa kwake. Tulilala kitanda kimoja cha kamba, na nyuma ya mlango wake wa makuti aliweka kinu. Nilikula alichokula yeye, mashelisheli ya kuchemsha, chaza, na mara moja moja pweza wa nazi. Afisa alikuja tena mara tatu au nne mwaka ule. Alifungua ile nyumba, akalala mchana peke yake, na watoto wakaambiwa wasipige kelele. Siku moja aliniuliza ninalala wapi, nikamwambia kwa Bi Mosi. "Watu wamekujengea nyumba kwa jasho lao," akasema mbele ya wanafunzi, "na wewe unawadharau." Bi Mosi, aliyekuwa akipita na ndoo, akasema bila kugeuka, "Hakutudharau, baba. Mimi ndiye naogopa kulala peke yangu."

Na pamoja na hayo, ule ulikuwa mwaka wa neema, na sitaki hasira yangu iufute. Watoto zaidi ya arubaini waliingia hawajui herufi na walitoka wanasoma. Walikuwa wametoka chuo cha Kurani, wameshajua kukaa, kusikiliza na kurudia. Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha tu kwamba sauti wanazozijua zinaweza kuandikwa kwa namna nyengine pia. Mtoto wa kwanza aliyesoma sentensi nzima alikimbia nje akawasomea mbuzi. Bi Mosi mwenyewe alijifunza kuandika jina lake kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni, akalitazama, akasema, "Kumbe fupi hivi."

Mwaka ulipokaribia kumalizika niliitwa mjini, ofisini kwa Afisa. Feni lilikuwa linazunguka polepole, na mezani kulikuwa na gilasi mbili za chai, moja yangu. Aliniambia orodha inafungwa Jumamosi. Alhamisi kutakuwa na mkutano wa wasichana wanaomaliza, nami nitasema nao. "Waambie ulivyoishi," akasema. Nikamuuliza, "Niwaambie yote?" Alikoroga chai yake ijapokuwa sukari ilishayeyuka zamani. "Wewe msomi, Salha. Unajua la kusema." Hakunitisha. Sikuhitaji kutishwa. Nilitoka pale nimeshaamua kwamba nitaeleza, na nikaamua hivyo hivyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Ukumbi ulikuwa ule ule. Wasichana wa sare nyeupe wamekaa katikati, na pembeni, kwenye mabenchi, safari hii walikuja mama zao, kwani minong'ono juu ya walimu wasichana wa shamba ilikuwa imeshaanza kufika mjini. Nilieleza habari za watoto, za mbuzi aliyesomewa, za mashelisheli, na watu wakacheka. Kisha akasimama Bi Zubeda, mjane wa mtaani kwetu, mama yake Raya. Raya alikuwa mdogo wangu kwa miaka miwili, na ndiye aliyetajwa kushika nafasi yangu Mkumbini. Tulisoma kwa sheikh mmoja, mkeka mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsikilizia hifadhi yake ya Kurani kabla hajakwenda mbele ya sheikh. Bi Zubeda akasema, "Mwanangu Salha, mimi sina mwanamme wa kwenda kuzungumza na Afisa. Nakuuliza wewe, mtoto wa jirani. Nyumba ipo?" Nikasema ipo. "Inafungwa?" Nikasema inafungwa. "Basi niapie, roho yangu itulie." Afisa alikuwa anatazama kucha zake. Nikasema, "Wallahi, nyumba ipo, na kitasa kipo."

Hakuna neno la uongo katika kiapo kile, na ni uongo mtupu. Nilikuwa na miaka kumi niliposomeshwa kwamba kiapo huchukuliwa kwa makusudio ya anayekitaka, si kwa ujanja wa ulimi wa anayekitoa. Bi Zubeda hakuniuliza habari za chuma. Aliniuliza kama mwanawe atakuwa salama. Niliapa kwa sababu nilikitaka chuo cha ualimu. Nilijiambia pia kwamba wasipopatikana walimu watoto wa Mkumbini watakaa bure, na hilo lilikuwa kweli, lakini siku ile nililitumia kama kanga, kujitandia. Ningeweza hata kumvuta Raya pembeni mlangoni nikamwambia, "Lala kwa Bi Mosi." Maneno manne. Angeniuliza kwa nini, na Afisa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipo. Basi nikampa mkono, nikamtakia kheri.

Nilikuwa chuoni miezi mitatu, nimeshapewa kitanda na godoro na vitabu vipya, habari ziliponifikia. Raya alikuwa peke yake kwenye ile nyumba. Afisa alikuja mchana, akafungua mlango, na Raya akaruka dirishani. Aliangukia mkono, akavunjika kifundo, akatembea miguu mitupu mpaka barabara kuu, na mwenye lori akamfikisha kwa mama yake kabla ya Magharibi. Afisa hakuwahi kumgusa, na Mungu ndiye wa kushukuriwa. Ofisi iliandika kwamba mwalimu ameacha kazi bila ruhusa, na jina lake likapita kila mlango kabla yake. Hakuajiriwa tena popote. Mwenye kumposa akarudi nyuma. Na Mkumbini, waliobeba mawe kichwani, wakaambiwa kwamba mwalimu wao amewakimbia, na wakakaa bila mwengine mwaka ule na uliofuata. Mtoto aliyewasomea mbuzi akarudi kuchunga mbuzi. Huyo ndiye marehemu aliyezijaza skuli za shamba. Mimi nikawa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, na siku ya kustaafu nikavishwa shada la asumini. Bi Zubeda nilikutana naye mara moja tu sokoni. Nilimsalimia. Hakuitika salamu yangu, naye alikuwa mwanamke asiyekosa sala.

Nimefunga siku tatu za kafara ya kiapo kile, nikazifunga tena, na tena. Lakini kafara ni baina yangu na Mola wangu. Haki ya Raya iko kwa Raya, na hakuna saumu inayoweza kwenda kuichukua kwake. Nililijua hilo miaka yote, nikalisomesha, na sikwenda. Baina ya nyumba yangu Mji Mkongwe na yake Ng'ambo ni mwendo wa robo saa. Siku ya maziko yale, mtoto wa Afisa alipouliza na mimi nikanyamaza, niliisikia sauti ya mwanangu mwenyewe ikiuliza vile vile juu ya jeneza langu. Nikavaa viatu, nikaenda.

Niliwasikia watoto kabla ya kuiona nyumba. Raya alikuwa kwenye ukumbi wake mdogo, watoto kumi na kitu mbele yake wanasoma Kurani, naye anashona vitundu vya kofia ya viua bila kuitazama sindano. Kifundo cha mkono wa kushoto kimepinda mpaka leo. "Bi Salha," akasema. "Karibu. Umetoka mazikoni?" Nikamwambia ndiyo. "Mimi sikwenda. Nna watoto." Akaniletea chai ya tangawizi na mkate wa ufuta, akakaa, akauliza, "Wamemsamehe?"

"Wamemsamehe."

"Na wewe?"

"Nimenyamaza."

Akacheka kidogo. "Basi kapata zaidi ya nlichopata mimi. Yeye watu wake wameuliza."

Nikamwambia, "Raya, siku ile ukumbini nlikuwa nnajua kama kuna ufunguo wa pili." Nilikuwa nimelibeba neno hilo muda mrefu mpaka nikadhani litatoka na kishindo. Yeye akakata uzi kwa meno.

"Nnajua kama ulikuwa unajua. Bi Mosi kaniambia wiki ya mwanzo. Kaniuliza, mwenzako hakukwambia? Nkamwambia, kaniambia. Nkakusitiri. Nkahamia kwake. Siku ile aliyokuja Afisa, Bi Mosi alikwenda kumzalisha mwanawe, nami nkapita pale kuchukua daftari zangu, nkajifungia nkazipanga." Akachomoa uzi mwengine. "Mama mpaka anakufa alikuwa anasema, lakini Salha aliapa. Hakukasirika. Alikuwa hafahamu tu."

Nikamwambia nimekuja kutaka radhi. Watoto walikuwa wameacha kusoma wanatutazama, akawapigia meza kwa kidole, wakaendelea. "Radhi si chai, Bi Salha, kwamba umekuja basi nikumiminie," akasema. "Ukitangulia wewe, ntakuja. Ntakaa juu na wanawake wenzangu. Mwanao atauliza, nami ntajibu, na wewe utanisikia. Leo usinitake." Nikamuuliza, na akitangulia yeye? "Hapo hutakuwa na haja ya kuniuliza mimi. Atauliza Mola." Kisha akamwita mtoto mmoja, mkorofi, pua inamchuruzika. "Wewe, njoo msomee bibi. Na wewe msikilize, umekaa bure, na ulikuwa unajua kusikiliza."

Sasa nakwenda kila Jumatatu. Nawasikilizia hifadhi zao wale wanaosumbua. Afisa sijamsamehe. Mtoto wake akija kuniuliza nitampa karatasi hizi azisome, kisha nitamkaribisha chakula. Raya hajasema neno juu ya jambo lile, nami sijamuuliza tena. Jumatatu iliyopita nilikuta gilasi yangu imeshamiminwa, imefunikwa kisahani isipoe. Niliinywa. Sikuihesabu kuwa ni jibu.